Ombi la Kuahirisha Kustaafu Kwako Mpaka Mashine ya Mawe Ithibitike

Masjala,
Chumba cha chini, karibu na ngazi.
Jumatano, baada ya chai.

Kwa Mkuu wa Idara,
Ofisi ya juu, mlango wenye pazia.

Mzee wangu Mkuu wa Idara,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA KUSTAAFU KWAKO SIKU YA IJUMAA ILHALI MASHINE YA KUNG'ARISHA MAWE KWA WANAOANZA HAIJATHIBITIKA KUWA YA KUAMINIKA

Shikamoo Mzee.

Kichwa hapo juu ni kirefu na naomba radhi. Nilijaribu kukifupisha kikatoka kama amri, nami si mtu wa kukuamuru. Barua hii nimeiandika kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu, na kila nilipofika kwenye neno "malalamiko" niliinuka kuhakikisha mlango umefungwa. Lakini ni wewe uliyetuambia kwamba mtumishi mwenye jambo lake aliandike, kwa sababu maneno ya kwenye korido hayana faili.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa unastaafu. Zawadi yako ya kuagwa ni mashine ya kung'arisha mawe, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuichagua. Naelewa kwamba zawadi ni siri, na kwamba kwa sentensi hiyo moja nimeimwaga siri ya kamati nzima. Mama Risiti, mhasibu wetu na mwenyekiti wa kamati, atanisema mpaka nikonde. Hata hivyo nimepima nikaona heri siri iharibike kuliko idara.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu namna nilivyotwikwa kazi hii.

Siku ile kwenye chai ulisema mbele yetu sote kwamba ukistaafu utakaa nyumbani usugue mawe mpaka yang'ae. Wenzangu walicheka wakidhani ni utani. Mimi sikucheka, kwa kuwa nayaona mawe yako kila ninapoleta mafaili: yale uliyookota kwenye safari za kikazi, ukayapanga juu ya makaratasi ili feni isiyapeperushe. Kamati ilipokaa, Dereva alipendekeza saa kubwa ya ukutani. Nikajisahau, nikasema mtu anayestaafu hana haja ya kuangalia saa, ni afadhali anunuliwe mashine ya mawe. Mama Risiti akanitazama kwa juu ya miwani akasema, "Haya, mwenye akili, kachague wewe." Hakuna kura iliyopigwa.

Dukani nilikuta seti tatu za wanaoanza. Ya kwanza ilikuwa kwenye boksi lenye picha ya mtoto anayecheka, mikono imejaa mawe yanayometameta. Nilisoma maandishi yote ya nyuma ya boksi nikagundua kwamba pipa lake dogo la kuzungushia mawe ni la plastiki ngumu, kwa hiyo kelele zake ni za vijiko ndani ya chupa, na kwamba hujizima yenyewe kila baada ya muda, kwa hiyo mtu aamke kuiwasha. Nikahitimisha kwamba yule mtoto anacheka kwa sababu hajawahi kuitumia. Ya pili haizungushi mawe, inayatikisa. Ni ya haraka, lakini maji yake yanataka kuangaliwa saa zote kama joto la mgonjwa, na hiyo si kazi ya anayeanza. Ya tatu ilikuwa na pipa la mpira, mota iliyofunikwa isiingie maji, na mikanda miwili ya akiba. Maana yake aliyeitengeneza anakiri wazi kwamba mkanda hukatika. Mtu wa namna hiyo nilimwamini papo hapo.

Bado nilimuuliza muuzaji kama mota ikifa huuzwa peke yake, kama mfuniko huvuja, kama unga wa kusugulia wa hatua zote nne umo ndani ya boksi au mnunuzi atashtukia mbele ya safari, na kama anamfahamu mtu yeyote aliyewahi kuitumia na bado anaipenda. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unanunua mashine au unaposa?" Foleni nzima ikacheka. Niliichukua ile ya tatu nikatoka shati likiwa limenigandia mgongoni, nikiamini kwamba nimechagua vyema. Ninasema nikiamini. Sijathibitisha. Tatizo lote linaanzia hapo.

2. Kuhusu kanuni yako, ambayo ndiyo imetufikisha hapa.

Mwezi wangu wa kwanza kazini zilikuja feni mpya. Tuliziwasha, zikazunguka, tukapiga makofi, mtunza stoo akatia sahihi ya kupokea. Baada ya chakula cha mchana zote zilikuwa zimekufa isipokuwa ya kwako, nayo ilibaki na upande mmoja inaotaka kupuliza. Ulishuka mwenyewe mpaka masjala ukaniambia maneno ambayo nimeyaandika ndani ya droo yangu: "Kijana, usitie sahihi kwa kitu ambacho hujakiona kikimaliza kazi yake."

Mzee, mashine ya mawe humaliza kazi yake kwa mwezi. Hatua ya kwanza ni unga wenye chembe kubwa, wiki nzima, usiku na mchana. Ya pili ni chembe za kati, ya tatu ni laini, ya nne ni unga wa kung'arishia ambao mtu anaweza kudhani ni wa uso. Kila hatua ina wiki yake. Kama ningeijaribu kwa dakika kumi nikatia sahihi, ningekuwa nimerudia mkosi wa feni, tena kwa jina lako. Kwa hiyo iko kwenye majaribio, chini ya ngazi, na hadi ninapoandika iko hatua ya tatu. Bila sahihi yangu Mama Risiti hafungi hesabu ya zawadi. Asipofunga, hakuna kibali cha getini. Bila kibali, mlinzi haachii hata fagio litoke. Ijumaa utasimama pale mbele, tutakusifu, halafu utakabidhiwa picha ya boksi.

Wa kulaumiwa hapa si mlinzi, wala Mama Risiti, wala mimi. Nasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba wa kulaumiwa ni mwenye kanuni, ambaye sasa anataka kuondoka kabla kanuni yake haijamaliza kazi.

3. Kuhusu mawe yaliyomo ndani ya mashine.

Mawe yaliyokuja na seti yalikuwa mazuri tayari. Kuijaribu mashine kwa mawe mazuri ni sawa na kuijaribu sabuni kwa nguo safi. Nilihitaji mawe ambayo kweli yamepigwa na dunia, tena yenye ugumu unaolingana, kwa maana maelekezo yanaonya kwamba jiwe laini likichanganywa na magumu litaliwa lote na kubaki uji. Basi asubuhi moja, kabla hujafika, niliingia ofisini kwako na msumari. Niliyakwaruza mawe ya juu ya makaratasi yako moja baada ya lingine. Jeupe lilikwaruzika, nikaliacha chini ya kalenda. Yaliyobaki yalifaulu, nikayabeba kwenye kikasha cha chakula.

Siku hiyo makaratasi yaliruka chumba kizima na ukaagiza madirisha yafungwe, yakabaki yamefungwa katika joto lote lile. Naomba radhi kwa joto. Upepo haukuhusika.

Inafuata kwamba mashine ikiwa kazini, na mawe yako yakiwa ndani ya mashine, wewe kisheria bado una mali yako ofisini. Sijaona kifungu kinachomruhusu mtumishi kustaafu nusu.

4. Kuhusu kelele, pampu na sinki.

Mwanzoni nilikaa nayo nyumbani, kwa dada yangu ninakoishi. Dada ni mvumilivu. Aliweka taulo chini yake, akafunga mlango wa jikoni, shemeji akajiziba masikio kwa mto bila kulalamika. Siku ya tatu aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba majirani wameuliza tunasaga nini usiku kucha, naye amekosa jibu la heshima. Nikaihamishia chini ya ngazi za ofisi.

Hapo ndipo nawe ulipoisikia ukauliza ni nini kinachounguruma. Mama Risiti, kwa kuilinda siri, alikujibu kwamba ni pampu ya maji. Ukaandika dokezo kali juu ya hali ya pampu. Dokezo likashuka masjala, nikalifungulia faili jipya kwa mikono yangu mwenyewe, huku najua kwamba jengo letu halina pampu. Fundi bomba akaja akaitafuta pampu asubuhi nzima, ghorofa zote. Kwa kuona aibu kuondoka mkono mtupu, alitengeneza bomba la chooni ambalo lilikuwa zima, na tangu siku hiyo linadondosha maji.

Alirudi tena wiki iliyofuata kwa sababu ya sinki la chumba cha chai. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilipomaliza hatua ya kwanza nilimwaga tope la mashine kwenye sinki, na ukurasa wa mwisho wa maelekezo, ambao nilikuwa nimeuhifadhi ili nisiuchafue, unakataza jambo hilo kwa herufi kubwa. Tope lile hukaa kwenye bomba likawa saruji. Fundi alipolitoa alilishika juu akamuuliza Dereva kama idara yetu hunywa chai au hunywa barabara.

Naeleza haya ili uone kwamba jengo zima limekwisha kuingia gharama ya majaribio haya, kwa jasho na kwa heshima. Kuyakatisha Ijumaa ni kuwavunja moyo watu wengi, akiwemo fundi.

5. Kuhusu Naibu wako, ambaye atakalia kiti chako Jumatatu.

Sina neno baya juu ya Naibu. Dereva humwita Kalamu Nyekundu. Mimi simwiti hivyo hata kichwani. Ninachosema ni kwamba barua yangu ya mwisho ilirudi kutoka kwake ikiwa na duara jekundu moja tu, na ndani ya duara hapakuwa na neno lolote. Alizungushia sehemu tupu. Nimeitazama sehemu hiyo siku nyingi nikijiuliza ni kitu gani kilipaswa kuwepo pale. Juzi alinipita kwenye ngazi akasema, "Jumatatu tutaonana, kijana." Inawezekana ilikuwa salamu. Hakutabasamu, lakini alikuwa amebeba mafaili mengi, na sitaki kumwonea.

Muda wangu wa majaribio unakwisha wiki moja baada ya wewe kuondoka. Nilipokuletea fomu ya kunithibitisha kazini uliisukuma taratibu irudi upande wangu, ukaniambia kwamba hujaniona nikimaliza. Nilikubali, kwa sababu kanuni ni kanuni. Sasa fomu hiyo itatiwa sahihi, au haitatiwa, na mtu ambaye amewahi kuona duara tupu ndani ya kazi yangu.

Naomba nieleweke. Silalamiki kwa ajili ya kazi yangu peke yake. Wewe ndiye mkubwa pekee katika jengo hili anayebisha hodi kwenye mlango wa masjala. Na simu ya mezani inapolia nami nikaganda, kama ujuavyo, wewe ukiwa karibu huinyanyua na kusema "Masjala," unamsikiliza mtu mpaka mwisho kana kwamba wewe ndiye karani, kisha unanipa mkonga pale maneno magumu yanapokuwa yamekwisha. Sijui Jumatatu simu ikilia itakuwaje. Nimejaribu kufikiria, nikaacha.

6. Maombi yangu rasmi.

Maelekezo ya mashine yanasisitiza kwamba jiwe lisirushwe hatua. Ukilitoa kwenye chembe kubwa ukalitia moja kwa moja kwenye unga wa kung'arishia, litabaki na mikwaruzo isiyofutika. Sasa wewe Ijumaa jioni utakuwa Mkuu wa Idara, na Jumamosi asubuhi utakuwa mtu aliyekaa sebuleni. Umeruka hatua zote kwa mkupuo mmoja. Kama jiwe haliruhusiwi, sioni ni vipi Mzee mwenye shinikizo la damu aruhusiwe.

Kwa hiyo naomba ustaafu kwa hatua nne:

(a) Hatua ya kwanza, uache kuhudhuria vikao. Nadhani hatua hii haitakuumiza.
(b) Hatua ya pili, uache kutia sahihi, lakini uje kila siku, ukae, usome gazeti, na ukipita masjala ubishe hodi kama kawaida.
(c) Hatua ya tatu, uje wakati wa chai tu.
(d) Hatua ya nne, ukae nyumbani, ila uwe unapokea simu za masjala kutoka huko.

Kati ya hatua na hatua maelekezo yanataka kuoshwa kwa makini, ili chembe za hatua iliyopita zisiingie katika ile inayofuata. Jinsi Mkuu wa Idara atakavyooshwa naiachia kamati. Mwisho wa kila hatua utakaguliwa kwenye mwanga mzuri, na ukionekana una mkwaruzo hata mmoja, utarudi hatua ya kwanza. Nimekadiria kwa tahadhari nikaona kwamba utakuwa umestaafu kikamilifu karibu na wakati nitakapostaafu mimi. Wakati huo wote Naibu aendelee kuwa Naibu, cheo ambacho kinampendeza sana.

7. Endapo maombi hayo yatakataliwa.

Najua wapo watakaosema kwamba sheria ya utumishi haina hatua. Kwao ninalo pendekezo dogo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Hapa masjala hakuna faili linalotoka moja kwa moja. Faili huazimwa tu, linaandikiwa kadi, na kadi hukaa mahali pake rafuni mpaka faili lirudi. Nimekuandikia kadi. Penye "jina la faili" nimeweka cheo chako, penye "limekwenda wapi" nimeandika "nyumbani," na penye "sababu" nimeandika "kusugua mawe." Sehemu ya tarehe ya kurudi nimeiacha wazi, ila ujue kwamba baada ya muda masjala hutuma kikumbusho, na kikumbusho cha pili huwa na nakala kwa mwajiri.

Nimeyasema yote kwa nia njema, na kama kuna neno lililokaa vibaya, naomba ulizungushie duara uniambie ni kwa nini.

Wasalimie mama na watoto nyumbani, hasa yule wa mwisho anayependa kuchezea mhuri. Mama Risiti, kama anaisoma barua hii akiwa amesimama nyuma ya bega lako, namsalimu na namwomba anihurumie. Salamu kwa Dereva, kwa mlinzi wa getini, na kwa fundi bomba ikiwa bado yuko jengoni. Kwa Naibu pia salamu, za taratibu, zisizo na haraka ya Jumatatu.

Mimi niliye chini yako kwa cheo na kwa ghorofa,

Karani wa Masjala
(bado kwenye majaribio)

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nimeifungua tena. Katika namba ya pili kuna jambo ambalo si kweli, na wewe husoma mpaka mwisho.

Mashine haiko hatua ya tatu. Niliichukua dukani mapema kuliko kamati inavyojua, na ilimaliza hatua ya nne Jumatatu. Nilifungua pipa mchana watu wakiwa kwenye chakula, nikayaosha mawe yako kwenye ndoo, nikayapeleka mlangoni penye mwanga. Mzee, sikujua kwamba yana rangi hizo. Kuna moja la kijivu ambalo ndani yake kumbe kuna mstari mwekundu kama uzi, na umekaa nalo mezani miaka yote hiyo. Mkanda haukukatika. Mfuniko haukuvuja hata tone. Mota ilikuwa vuguvugu tu. Ni mashine ya kuaminika kabisa kwa yeyote anayeanza, na nilipaswa kuandika hivyo pale pale.

Badala yake niliyarudisha mawe ndani, nikatia maji na sabuni, nikaiwasha. Tangu Jumatatu chini ya ngazi inaosha mawe safi, kwa sababu nilijua ikinyamaza tu, utaondoka.

Sasa nimeizima. Sahihi yangu ya kupokea iko kwa Mama Risiti, kibali cha getini nimekibandika juu ya boksi, na mawe yako nimeyafunga kwenye kitambaa laini yasigongane njiani. Fomu yangu nitaipeleka mwenyewe kwa Naibu.

Nenda tu, Mzee. Ukiiwasha huko nyumbani, usiku wa kwanza utaamka ukidhani mvua inanyesha. Si mvua. Lala.